Kusoma jina la injini kubwa ya meli, hatua kwa hatua

6S60MC-C. 14RT-flex96C. 8L32/44CR. Asiyezoea huyaona maandishi haya akayaruka. Fundi wa meli anajua kila herufi hapo ina kazi yake. Ukijua kuyasoma, unaweza kukaa Dodoma, mamia ya kilomita kutoka baharini, ukaeleza injini ile ina silinda ngapi, ni pana kiasi gani, inatumia mafuta gani, na ukakisia inazunguka mara ngapi kwa dakika, yote haya kabla hujaiona.

Naandika kwa ajili ya watu wa aina mbili ninaokutana nao hapa. Wa kwanza ni vijana wa Dodoma, Singida na Manyoni wanaotoka kwenye ufundi wa magari na kuelekea Chuo cha Bahari Dar es Salaam, ambao hawajawahi kuona injini yenye ngazi na ghorofa ndani yake. Wa pili ni maofisa wa Mtumba na maofisi mengine ya serikali, ambao nyaraka za meli, vivuko na mitambo ya umeme hupita mezani kwao. Wote wawili huruka jina la injini na kukimbilia bei au picha. Hilo linaniuma, maana jina ndilo linalobeba habari nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule.

Andaa karatasi, kikokotoo cha simu na picha safi ya kibati cha injini, kile chenye jina na namba zake. Nasisitiza safi, na sababu utaiona mbele.

Tutazungumzia familia mbili. Kuna injini za mipigo miwili, ambazo kila silinda huchoma mafuta mara moja kwa kila mzunguko. Huzunguka polepole, nyingi kati ya mizunguko 60 na 200 kwa dakika, zilizofungwa moja kwa moja na propela bila giaboksi. Hizi ndizo zinazosukuma meli kubwa za mafuta, makasha na shehena ya kichele. Halafu kuna injini za mipigo minne za mwendo wa kati, kuanzia mizunguko 400 hivi hadi 1,000. Hizi husukuma meli ndogo kupitia giaboksi, au hufua umeme ndani ya meli na nchi kavu.

Hatua ya 1: Jua jina limeandikwa kwa utaratibu wa nani

Usianze na herufi, anza na kampuni. Herufi moja hubeba maana tofauti kabisa kwa kampuni mbili, kwa hiyo ukikosea hapa kila hatua inayofuata itakuwa imepotoka.

Kwenye injini kubwa za mipigo miwili, anayebuni na anayeunda mara nyingi si mtu mmoja. MAN B&W hubuniwa Copenhagen, Denmark, na WinGD hubuniwa Winterthur, Uswisi, lakini chuma chenyewe humiminwa na kuunganishwa Korea Kusini, China au Japani kwa leseni. Ndiyo maana kibati kinaweza kusomeka HYUNDAI-MAN B&W au MITSUI-MAN B&W. Jina la kwanza ni la muundaji na la pili ni la mbunifu. Ukitaka kuelewa herufi, mfuate mbunifu. Ukitafuta namba ya injini na karatasi za kiwandani, mfuate muundaji.

Makampuni nayo hubadili majina huku injini zikibaki zilezile. MAN ya Ujerumani iliichukua Burmeister & Wain ya Denmark mwaka 1980, ndipo likatokea jina MAN B&W. Kampuni hiyo baadaye ikaitwa MAN Energy Solutions, na tangu 2025 inaitwa Everllence. Upande wa pili, injini za Sulzer ziliingia Wärtsilä mwaka 1997, na mwaka 2015 kazi ya mipigo miwili ikahamia WinGD. Ukikuta RTA moja imeandikwa Sulzer na nyingine Wärtsilä, usidhani ni mashine mbili za ukoo tofauti.

Hatua ya 2: Idadi ya silinda

Kwa kawaida namba ya kwanza ndiyo idadi ya silinda. 6S60MC-C ina silinda 6, na 14RT-flex96C ina 14. Wärtsilä wakati mwingine hutanguliza W, kama W8L32, na hapo silinda ni 8.

Wasiofuata kanuni hii ni wachache ila wapo. MAN ya zamani, kabla ya kuungana na Wadenmark, iliweka idadi katikati: K8SZ 70/125 ina silinda 8. Caterpillar huweka mwishoni, hivyo 3516 ni familia ya 3500 yenye silinda 16, na 3608 ni familia ya 3600 yenye silinda 8. Usisome 3516 ukadhani kuna silinda 35.

Hatua ya 3: Kipenyo cha silinda

Namba inayofuata huwa ni kipenyo cha silinda kwa sentimita. S60 ni sentimita 60, RT-flex96C ni sentimita 96, na L32 ni sentimita 32. Ukishajua kipenyo umeshajua ukubwa wa kundi: sentimita 50 kwenda juu karibu kila mara ni injini ya mipigo miwili, na chini ya 30 karibu kila mara ni ya mipigo minne. Kati ya hapo tumia kichwa, maana S35MC yenye sentimita 35 ni ya mipigo miwili, na Wärtsilä 46 yenye sentimita 46 ni ya mipigo minne.

Sentimita hizi wakati mwingine hukadiriwa. MAN L23/30H ina kipenyo cha milimita 225, siyo 230. MaK M25 ina milimita 255. Tofauti ya milimita tano haionekani kwa jicho, lakini ringi ya pistoni itaiona. Kwa spea, namba ya kwenye jina ikuonyeshe njia tu, na kipimo chenyewe ukitoe kwenye kitabu cha injini.

Kuna pia majina yasiyotaja kipenyo kabisa. Pielstick PC2 ina kipenyo cha milimita 400, na hiyo 2 haina uhusiano wowote na sentimita. EMD ya Marekani, ambayo injini zake ziko kwenye meli na pia kwenye vichwa vya treni, huandika ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo: 645 ni karibu lita 10.6, na 710 ni karibu lita 11.6.

Hatua ya 4: Herufi ya urefu wa mpigo

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu.

Kwenye injini za MAN B&W, herufi iliyo kati ya idadi ya silinda na kipenyo inaeleza mpigo ni mrefu kiasi gani ukilinganisha na kipenyo. Mpigo ni umbali ambao pistoni inasafiri kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. K ni mpigo mfupi, L ni mrefu, S ni mrefu sana, na G ni mrefu kupita zote.

Chukua injini nne zenye kipenyo kilekile cha sentimita 60. L60MC ina mpigo wa milimita 1,944 na inazunguka mara 123 kwa dakika. S60MC ina milimita 2,292 na mizunguko 105. S60MC-C ina milimita 2,400, nayo mizunguko 105. G60ME-C ina milimita 2,790 na mizunguko 97. Gawanya mpigo kwa kipenyo upate uwiano: 3.24, 3.82, 4.00 na 4.65. Ukisimamisha hizi nne pamoja, tundu la silinda ni lilelile kwa upana, lakini injini inaendelea kurefuka kwenda juu na mizunguko inapungua.

Sababu iko kwenye propela. Propela pana inayozunguka polepole inasukuma maji mengi kwa upole, na hupoteza nguvu kidogo kuliko propela ndogo inayokimbia. Kwa kuwa hakuna giaboksi, propela ikipunguza mwendo ni lazima injini nayo ipunguze. Ili isipoteze nguvu kwa kupunguza mizunguko, kila mpigo ufanye kazi zaidi, na njia mojawapo ni kuurefusha. Bei ya mafuta ilipopanda, wenye meli wakataka propela kubwa zaidi, na hivyo herufi zikasogea kutoka L kwenda S, kisha G. K ilikuwa ya meli za makasha zilizotaka kukimbia: K98MC ina kipenyo cha milimita 980, mpigo wa 2,660 na mizunguko 94, yaani uwiano wa 2.71 tu. Kwa maoni yangu, mwanafunzi akiielewa herufi hii moja, ameelewa nusu ya historia ya meli za miaka arobaini iliyopita.

Tahadhari: L hii ni ya MAN B&W ya mipigo miwili pekee. Kwenye injini za mipigo minne, L maana yake silinda zimejipanga mstari mmoja, na V maana yake zimegawanyika pande mbili. Kwa hiyo L ya 6L60MC ni urefu wa mpigo, na L ya 8L32 ni mpangilio. Zote zimekaa mahali palepale, kati ya namba mbili. Utazitofautisha kwa kinachofuata: ukiona MC au ME baada ya kipenyo, uko kwenye mipigo miwili.

Hatua ya 5: Mkia wa jina la MAN B&W

Tuchukue jina refu: 7G80ME-C9.5-GI. Silinda 7, mpigo mrefu kupita zote, kipenyo sentimita 80. Sasa tusome mkia.

M ni jina la mpango wa injini. Herufi inayoifuata ndiyo muhimu. C, kama kwenye MC, inamaanisha injini inaongozwa na kamshafti: kamu inasukuma pampu ya nozeli na inafungua valvu ya ekzosi kwa wakati uliopangwa na chuma. E, kama kwenye ME, inamaanisha kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ipige saa ngapi na valvu ifunguke saa ngapi, na mafuta ya haidroli yenye presha ndiyo yanayofanya kazi ya kusukuma. Fundi anayekwenda kwenye ME bila kujua umeme na haidroli atateseka, hata kama ana mkono mzuri wa spana.

Baada ya kistari huja C nyingine. Hii haihusiani na kamshafti. Inasema injini imebanwa, yaani imesanifiwa upya iwe fupi na nyepesi kwa nguvu ileile. Kwa hiyo kwenye MC-C, C ya kwanza ni kamshafti na ya pili ni umbo lililobanwa. Ukikuta B badala yake, kama ME-B, hiyo ni injini ya katikati ya njia: mafuta yanapigwa kwa amri ya kompyuta, lakini valvu ya ekzosi bado inafunguliwa na kamshafti.

Namba inayofuata ni toleo. Usiidharau. S60MC-C ya toleo la 7 hutoa hadi kilowati 2,260 kwa silinda, na ya toleo la 8 hutoa 2,380, zote kwa mizunguko 105, kipenyo kilekile na mpigo uleule. Kilichobadilika ni presha ya wastani inayoisukuma pistoni: kutoka bari 19 hadi bari 20. Kwa injini ya silinda 6 hiyo ni tofauti ya kilowati 720. Nukta na tarakimu baada yake, kama .5 kwenye 9.5, ni marekebisho ndani ya toleo.

Mwisho ni mafuta. GI ni injini inayopiga gesi kwa presha kubwa, karibu bari 300, gesi ikiingia pistoni ikiwa imeshafika karibu na juu. LGIM hutumia methanoli, na LGIP hutumia gesi ya kimiminika, ndugu wa ile tunayopikia. Pasipo na alama yoyote ya mafuta, chukulia ni injini ya mafuta ya kawaida ya meli. G ya mwanzo na G ya GI hazijuani: ya kwanza ni mpigo, ya pili ni gesi.

Hatua ya 6: Sulzer, WinGD na Mitsubishi

Kati ya majina ya Sulzer kuna RD, RND, kisha RTA, na mwisho RT-flex. Namba ni kipenyo kwa sentimita, kama kawaida. RTA ina kamshafti. RT-flex haina: mafuta yako kwenye komoni reli, bomba nene lenye presha muda wote, na kompyuta ndiyo inayofungua. Kwa hiyo kutoka RTA kwenda RT-flex ni hatua ileile ya kutoka MC kwenda ME kwa jirani.

Herufi ya mwisho kwenye RTA ilikuwa inataja meli iliyokusudiwa. RTA84C ni ya meli za makasha, RTA84T ni ya meli za mafuta. Hesabu sasa kazi za C mpaka hapa: kamshafti, umbo lililobanwa, meli ya makasha. Ukienda kwa MaK utaikuta ya nne, maana M43C ni toleo la M43. Ndiyo sababu nilisema uanze na kampuni.

WinGD wamefupisha: X72 ni kipenyo cha sentimita 72, X92-B ni toleo la B la injini ya sentimita 92, na DF ikiongezwa inatumia mafuta ya aina mbili, dizeli na gesi. Hapa usichanganye DF na GI. X-DF inaingiza gesi kwa presha ndogo, chini ya bari 16, mapema wakati pistoni inapanda, na mchanganyiko huwashwa na tone la dizeli. Mabomba, kompresa na taratibu za usalama za injini hizi mbili hazifanani. Meli ya makasha CMA CGM Jacques Saadé, iliyoingia kazini 2020, ina 12X92DF ya kilowati 63,840.

Mitsubishi wao waliandika UEC, kama 6UEC60LSII: silinda 6, kipenyo sentimita 60, LS ikiwa ni mpigo mrefu na II ni kizazi cha pili. Injini hizi utazikuta zaidi kwenye meli zilizoundwa Japani.

Hatua ya 7: Injini za mipigo minne

Huku mambo ni mepesi. Kuna mitindo miwili mikubwa. Wärtsilä hutaja silinda, mpangilio na kipenyo: 12V46F ni silinda 12 pande mbili, sentimita 46, toleo F. Za zamani za Vasa zilitumia R mahali pa L, kama 6R32. MAN huongeza mpigo baada ya mkwaju: 6L48/60 ni silinda 6 mstari mmoja, kipenyo 48, mpigo 60. Bergen hutumia nukta mbili badala ya mkwaju, kama B32:40. Wajapani kama Yanmar na Daihatsu huweka herufi za familia katikati: 6EY18 na 6DK-20 ni silinda 6 kila moja, kipenyo sentimita 18 na 20.

Mtindo usiotaja mpigo una mtego wake. Wärtsilä Vasa 32 ina mpigo wa milimita 350, na Wärtsilä 32 iliyokuja baadaye ina 400. Kwa maneno ni ndugu, kwa krenki ni watu wawili.

Mfano wa karibu na sisi uko Ubungo. Mtambo wa gesi wa Ubungo I una injini 12 za Wärtsilä 20V34SG, jumla megawati 102. Soma: silinda 20, umbo la V, kipenyo sentimita 34, na SG ni gesi inayowashwa kwa cheche, yaani ina plagi kama gari la petroli. Injini ya ukubwa huu imetokana na ukoo uleule unaokaa kwenye meli. Inazunguka mara 750 kwa dakika, maana jenereta yenye poli 8 hutoa hezi 50 kwa mwendo huo, na hezi 50 ndiyo ya gridi yetu. Meli nyingi hutumia hezi 60, kwa hiyo injini ya jenereta yenye ukubwa wa karibu na huo ndani ya meli utaikuta kwenye mizunguko 720. Ukiona 720 kwenye zabuni ya mtambo wa nchi kavu Tanzania, uliza.

Sasa suala la picha safi. Kijana mmoja wa Kizota alinijia na simu. Binamu yake anafanya kazi kwenye meli, alikuwa anataka kujua habari za injini ya jenereta ya pale.

“Shikamoo mzee. Hii ni Wärtsilä 8L32, siyo?”

“Marahaba. Nani kakwambia Wärtsilä?”

“Si imeandikwa 8L32.”

Kwenye picha kibati kilikuwa kimefunikwa na grisi nyeusi kuanzia pembeni kulia. Nikamwambia amtumie binamu ujumbe, afute kwa kitambaa chenye dizeli, apige tena. Picha ya pili ikaja jioni: 8L32/44CR. Mkwaju na 44 ni mtindo wa MAN, mpigo sentimita 44, na CR ni komoni reli. Kipenyo kinalingana na cha Wärtsilä 32, mpangilio unalingana, silinda zinalingana. Hakuna spea hata moja ambayo ungeithubutu kuihamisha.

Hatua ya 8: Jipime kwa hesabu

Ukishasoma jina, hakikisha kwa hesabu mbili. Ni za kidato cha pili na zinakamata makosa mengi.

Ya kwanza ni mwendo wa wastani wa pistoni. Zidisha mpigo kwa mita mara mbili, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 60. Kwa S60MC-C: 2 × 2.4 × 105 ÷ 60 = mita 8.4 kwa sekunde. Kwa L60MC unapata karibu 8.0, na kwa G60ME-C karibu 9.0. Wärtsilä 32 kwa mizunguko 750 inapata 10. Injini hizi zote hucheza kati ya 7 na 12 hivi. Ukipata 15 au 4, ama umesoma jina vibaya, ama mzabuni amekosea mizunguko, na vyote viwili unapaswa kuvijua mapema.

Ya pili ni nguvu kwa silinda. Gawanya kilowati zote kwa idadi ya silinda, kisha linganisha na ujazo. Silinda moja ya S60MC-C ina ujazo wa karibu lita 679, yaani mapipa matatu ya lita 200 na ziada. Kwa kilowati 2,380 kila lita inatoa kilowati 3.5. Sasa Ubungo: megawati 102 gawanya kwa 12 ni 8.5, gawanya kwa silinda 20 ni kilowati 425. Silinda yake ina lita 36.3, hivyo kila lita inatoa karibu kilowati 11.7. Ndogo inayokimbia inatoa zaidi kwa kila lita kwa sababu inapiga mara nyingi kwa dakika, hata ikiwa kila silinda inachoma mara moja kwa mizunguko miwili. Ukikuta karatasi inadai injini ya mipigo miwili ya sentimita 60 inatoa kilowati 8 kwa lita, irudishe.

Jaribu na 14RT-flex96C ya Emma Mærsk, meli ya makasha ya mwaka 2006: kilowati 80,080 kwa mizunguko 102, mpigo milimita 2,500. Utapata kilowati 5,720 kwa silinda na mwendo wa pistoni wa mita 8.5 kwa sekunde. Kisha jipime na 18V38 za mtambo wa IPTL pale Tegeta, injini 10 kwa megawati 100.

Hatua ya 9: Yasiyoandikwa kwenye jina

Jina halisemi nguvu halisi. Katalogi inataja kilele, lakini mwenye meli anaweza kuagiza injini ya mipigo miwili ikiwa imepangwa chini ya kilele ili ile mafuta kidogo, na wengi hufanya hivyo. 6S60MC-C mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya kilowati. Nguvu iliyokubaliwa iko kwenye kibati na kwenye cheti, siyo kwenye jina. Jina pia halijui injini imesimama wapi. Vipimo vya katalogi ni vya hewa ya nyuzi 25 usawa wa bahari. Injini ileile ukiiweka Dodoma, mita 1,100 hivi juu, hewa ni nyembamba na hesabu hubadilika.

Moshi nao usiukisie kwa jina. Kiwango cha oksidi za nitrojeni chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini, hufuata tarehe ya kujengwa kwa meli: kuanzia 2000 ngazi ya kwanza, kuanzia 2011 ngazi ya pili, na kuanzia 2016 ngazi ya tatu kwenye maeneo maalumu ya pwani za Amerika Kaskazini. Kwa injini zinazozunguka chini ya mara 130 kwa dakika, mipaka hiyo ni gramu 17.0, 14.4 na 3.4 kwa kilowati-saa. Uthibitisho uko kwenye cheti cha hewa cha injini na faili lake la kiufundi, vitu viwili ambavyo kila injini kubwa ya meli ya kisasa inapaswa kuwa navyo.

Kikubwa zaidi, jina halitoshi kuagizia spea. Niliwahi kuona slivu ya silinda imefika bandarini ikiwa kwenye kreti lake, chuma cha uzito wa tani kadhaa, na haiingii. Aliyeagiza, kampuni ambayo sitaitaja, aliandika S60MC. Injini ilikuwa S60MC-C. Kipenyo ni kilekile, sentimita 60, lakini mpigo umetofautiana kwa milimita 108, na slivu inafuata mpigo. Kistari kimoja na herufi moja, meli ikakaa.

Kwa hiyo unapoandika agizo, zabuni au ripoti, weka mambo haya kwa mpangilio huu: muundaji na mbunifu, jina zima bila kukata kistari, nukta wala mkia, namba ya injini iliyogongwa kwenye kibati, mwaka wa kuundwa, kilowati na mizunguko ya kwenye kibati, kisha namba ya spea kutoka kwenye kitabu cha injini ile ile. Ambatanisha picha ya kibati. Usiandike “au inayolingana” mbele ya kitu kinachokaa ndani ya silinda.